Mabega, Mbung'o na Unga: Kilichoigeuza Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki



Mtihani ukiuliza vyanzo vya Vita Kuu ya Kwanza, mwanafunzi aliyejiandaa hutaja miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, utaifa, kugombea makoloni na mauaji ya Sarajevo. Anapata alama zake. Ukimuuliza vita hiyo iliendaje Taveta, Tabora au Lindi, na ni lini mwelekeo wake ulibadilika, atataja Tanga, atamtaja von Lettow-Vorbeck, kisha atanyamaza. Mada hii inahusu pale anaponyamaza. Nitadai kwamba vita ilizuka kwa sababu za Ulaya, na kwamba hapa kwetu mapigano tunayoyakariri yaliigeuza kidogo sana. Kilichoigeuza ni suala la nani abebe chakula na nani akile.

Nianze na Ulaya, nipite haraka. Tarehe 28 Juni 1914 Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe. Kuuawa kwa wakubwa hakukuwa jambo geni Ulaya ya wakati ule. Maamuzi ya wiki tano zilizofuata ndiyo yaliyozaa vita. Tarehe 5 Julai Berlin iliihakikishia Vienna kwamba itakuwa nayo kwa lolote. Tarehe 23 Austria ikaipelekea Serbia masharti ambayo wenyewe walitumaini yangekataliwa, na tarehe 28 ikatangaza vita. Urusi ilikwisha kufedheheka mwaka 1908 Austria ilipojitwalia Bosnia, na safari hii haikukubali kunywea. Ikaita askari wake. Ujerumani nayo ilikuwa na mpango mmoja tu mkubwa: kuipiga Ufaransa kwanza, upesi, kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijamaliza kukusanya majeshi. Kwa hiyo ugomvi wa mashariki ukaanza kupiganwa magharibi. Ubelgiji ilipovamiwa tarehe 4 Agosti, Uingereza ikaingia.

Hapo kwenye “kugombea makoloni” naomba nitofautiane kidogo na vitabu vyetu. Ni kweli kwamba misuguano ya Morocco ya 1905 na 1911 iliwasogeza Waingereza karibu na Wafaransa. Lakini Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimemalizana kuhusu Afrika Mashariki tangu mkataba wa 1890, Wajerumani walipochukua kisiwa cha Heligoland na kuiacha Zanzibar mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1913 zilikuwa mezani zikizungumzia namna zitakavyogawana makoloni ya Ureno iwapo Ureno ingefilisika. Mataifa yaliyokuwa yakipanga pamoja kumrithi jirani ambaye bado yu hai hayakuwa, kwa mwaka ule, yakikabana koo kwa ajili ya Afrika. Makoloni yalikuja kuwa ngawira vita ilipokwisha kuanza. Mwanafunzi akiandika hivyo na kutoa ushahidi, tafadhali msimkate alama.

Hata huku walikuwapo waliotaka vita ipite mbali. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha nafasi ya maeneo ya bonde la Kongo kutangazwa kuwa hayafungamani na upande wowote, na mpaka wa bonde hilo ulichorwa kwa ukarimu wa ajabu hadi Bahari ya Hindi. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliishikilia nafasi hiyo. Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka 1907 tu, Reli ya Kati ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mapema mwaka 1914, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba wananchi wangeona Wazungu wakiuana. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda aliyewasili Januari 1914, alitaka kinyume chake. Hakutarajia kuushinda ufalme wa Uingereza; alitaka kuwanasa huku askari wa ufalme huo wengi iwezekanavyo wasipelekwe Ufaransa. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ikaupiga mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta, na hoja ya Schnee ikafia hapo.

Tanga, na kwa nini Jasini ina uzito zaidi

Novemba 1914 Jenerali Arthur Aitken alifika Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka India. Waingereza kwanza walituma manowari kuuarifu mji kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa, ustaarabu uliompa von Lettow-Vorbeck muda wa kuwateremsha watu wake kwa treni kutoka Moshi. Akiwa na wapiganaji wapatao 1,000 aliwarudisha melini, nao wakaacha bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Wanafunzi hupenda habari ya nyuki waliowashambulia askari, na ni kweli walikuwapo, ila nyuki hawakuchagua upande. Kama kuna kitu cha kusisitizwa darasani ni ile reli: aliyekuwa na treni alifika kabla ya aliyekuwa na meli.

Jasini, kijiji cha mpakani, hakimo katika mihtasari mingi. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 Wajerumani waliiteka ngome yake. Huo ulikuwa ushindi. Lakini von Lettow-Vorbeck alipoteza maofisa wake wazuri na kutumia risasi karibu 200,000, akapiga hesabu akaona hawezi kumudu ushindi mwingine mwingi wa namna ile. Tangu hapo akageukia vikosi vidogo vya kuvuka nyika ya Taru usiku na kutega baruti kwenye Reli ya Uganda. Vita ndefu tunayoijua ilianzia hapo, kwa kamanda aliyehesabu risasi zake.

Mwaka 1915 wote Waingereza walijihami. Julai mwaka huo waliiharibu manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji; Wajerumani wakaing'oa mizinga yake kumi, wakaitumia nchi kavu. Ziwa Tanganyika lilibadilisha mikono kuanzia Desemba, baada ya boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kuletwa kutoka Afrika Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini Kongo. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, ikaibuliwa baadaye na kuitwa Liemba.

Mwaka wa Smuts

Februari 1916 Jan Smuts alichukua uongozi wa upande wa Waingereza. Aliingia na askari wengi wa Afrika Kusini, wengi wao wapanda farasi, akakusudia kumzunguka adui na kumaliza kazi kabla ya mwaka kwisha. Ukiangalia ramani, alifaulu: Moshi Machi, Morogoro mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Wabelgiji na askari wao wa Kongo walitokea Rwanda wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Reli zote mbili zikawa zimetekwa. Januari 1917 Smuts akaondoka, na huko London akaeleza kwamba kampeni kwa hakika imekwisha. Ilibaki karibu miaka miwili.

Ramani haikuonyesha mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa makumi ya maelfu kati ya Pangani na Rufiji. Haikuonyesha masika pia: kikosi cha van Deventer, mmoja wa makamanda wa Smuts, kilifika Kondoa Irangi Aprili kikakwama kwenye tope, njia ya nyuma imekatika, askari wakila walichokipata. Kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya askari 12,000 wa Afrika Kusini walikuwa wamerudishwa kwao, wengi wao wagonjwa wa malaria na kuhara damu. Nafasi yao ilijazwa na Wanaijeria, askari wa Gold Coast na batalioni mpya za King's African Rifles, ambazo kutoka tatu mwaka 1914 zilifika 22. Mwanzoni mwa 1917 Wanaijeria walizingirwa na mafuriko ya Rufiji, wakaishi kwa posho iliyopunguzwa tena na tena na kuchimba mizizi porini.

Mnyama akifa, mzigo unahamia kwa mtu. Nadhani hapo ndipo vita ilipogeuka kweli, na ningeomba hesabu hii iandikwe ubaoni. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi, kwenda na kurudi anakula kilo 20. Anachofikisha ni kilo tano. Askari mmoja aliyeko mbele anamaliza kilo hizo tano kwa siku tano, ilhali mpagazi wake harudi na mzigo mwingine mpaka siku 20 zipite. Kwa hiyo kila askari anahitaji wapagazi wanne kwa unga wake tu, bado risasi, mizinga, dawa na machela. Kila Waingereza walivyosonga mbele kusini mwa reli ndivyo jeshi lao lilivyozidi kujila lenyewe.

Walikopata watu tunajua. Katika Kenya ya leo John Ainsworth aliongoza usombaji wa 1917, ambapo ndani ya miezi michache watu zaidi ya 100,000 walikusanywa kupitia machifu, wengine wakivutwa usiku kutoka majumbani. Kwa pande zote na maeneo yote idadi ya waliobeba inakaribia milioni moja. Hesabu rasmi za Waingereza zinataja vifo vya wapagazi karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaiona idadi hiyo kuwa pungufu. Risasi ziliua wachache. Mtu wa nyanda za juu alipelekwa kwenye malaria ya pwani. Aliyezoea uwele na maharage alipewa unga wa mahindi wa kukoboa vibaya, bila muda wala kuni za kuupika uive, tumbo likaharibika. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi cha Waingereza, alipambana na wakubwa wake juu ya chakula hicho. Upande wa Wajerumani hata daftari la namna hiyo hatunalo: wapagazi walikamatwa kijiji kwa kijiji, wengi bila malipo.

Mahiwa, huko Lindi, Oktoba 1917, ni pigano kubwa kuliko yote ya kampeni. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,500 waliouawa na kujeruhiwa, Wajerumani kama 500. Ushindi tena, na tena usioweza kulipiwa: risasi za bunduki za kisasa zilikuwa zikielekea kwisha, na zile za mtindo wa 1871 zilitoa moshi uliomwonyesha mpigaji alipo. Tarehe 25 Novemba von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, akalishambulia boma la Wareno la Ngomano siku hiyo hiyo na kujipatia silaha, nguo na chakula. Kwa miezi kumi Msumbiji ikawa ghala lake. Hakuwa na njia ya nyuma ya kulinda kwa sababu alikula alipofika. Hiyo ni sifa ambayo wasifu wake huiita umahiri, na ambayo mkulima aliyeachwa na ghala tupu angeiita jina jingine.

Ulaya kwa wakati huo mambo yalikuwa yameamuliwa kwingine: Marekani kuingia Aprili 1917, Urusi kutoka baada ya mapinduzi, shambulio la mwisho la Wajerumani kuanzia Machi 1918 kukwama. Vita ilisimama tarehe 11 Novemba. Habari zilimfikia von Lettow-Vorbeck siku mbili baadaye, huko Rhodesia ya Kaskazini, naye akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake waliowafuata.

Ugogo, kule Dodoma, haukuwa na mkataba wa kusimamisha chochote. Majeshi yote mawili yalipita hapo, yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, mvua ikakosekana. Njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, inakadiriwa kuua watu 30,000, takriban mtu mmoja kati ya watano. Homa ya mafua ya 1918 ikawakuta waliobaki. Ukiorodhesha matokeo ya vita hii, andika Mtunya kabla ya Mkataba wa Versailles.

Kwa kazi ya vikundi ya mchana huu, kila kikundi kichukue sehemu moja kati ya Taveta, Dodoma, Rufiji na Lindi, kitunge swali moja la mtihani ambalo haliwezi kujibiwa kwa jina la von Lettow-Vorbeck, na kieleze ni ushahidi gani mwanafunzi atautumia: kumbukumbu za misheni, masimulizi ya familia, makaburi ya vita, au ile hesabu ya kilo 25. Kikundi cha Dodoma kitahitaji muda zaidi, kwa hiyo kianze mapema.