Maji ya Kakao Yanayomwagika: Hamira, Spiriti na Jiko la Mangina



Hapa Mangina, kilomita kama 30 magharibi mwa Beni, huku mashariki mwa Kongo, msimu wa kakao hutambulika kwa pua. Mbegu mbichi zikishalundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa majani ya migomba, saa chache tu zinatosha kuona maji mazito, matamu, yakichuruzika chini ya mbao. Kesho yake lundo limepata joto na linanukia pombe. Siku ya tatu harufu inageuka kuwa ya siki. Mkulima anafanya hivyo ili mbegu zipate ladha wanayoitaka wanunuzi. Mimi nimekuja kuzungumzia yale maji ya siku ya kwanza, ambayo tunayaachia udongo uyanywe.

Anayefanya kazi ndani ya sanduku lile ni hamira. Hakuna aliyeitia: imekuja na ganda la kakao, na panga, na mikono, na inzi, na mbao zilizotumika msimu uliopita. Ute mweupe unaofunika mbegu una sukari ya asilimia 10 hadi 15, una uchachu unaowazuia bakteria wengi, na kwa uzito wake hauruhusu hewa kupenya. Hamira hupapenda sana mahali pa namna hiyo. Inakula sukari, inatoa ethanoli na gesi ya kaboni, na baadhi ya aina zake zinauyeyusha ule ute wenyewe, ndiyo maana maji yanatiririka. Baadaye bakteria wa siki wanaingia pamoja na hewa, wanaila ethanoli, na lundo linapanda hadi nyuzi 45 au 50. Kwa hiyo anayetaka ethanoli ya kakao ana siku moja, labda mbili. Akichelewa atakinga siki.

Mama wanaotengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hawahitaji kufundishwa hatua hii. Wao huivisha ndizi, hukamua maji yake kwa nyasi, hutia unga wa mtama uliokaangwa, hufunika, na asubuhi pipa linatokota pasipo moto. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1850 kwamba kutokota huko ni kazi ya viumbe hai. Ujuzi wa mikono mnao tayari, na ndiyo maana naamini kazi ya kugeuza maji ya kakao kuwa spiriti ya jiko inaweza kuanzia hapa.

Sasa tufanye hesabu, maana miradi mingi ya namna hii hufa kwa kukwepa hesabu. Kilo 1 ya sukari aina ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 511 za ethanoli. Nusu ya pili inaondoka kama gesi. Kwa kazi ya kawaida tutegemee gramu 450. Lita 100 za maji ya kakao yenye sukari asilimia 12 zitatupa basi kama lita 6 za ethanoli, tukiondoa kinachopotea katika kuchemsha na kupoza mvuke. Lita 1 ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21 hivi, wakati petroli ina 32. Lita zetu 6 zina megajuli 126, sawa na lita 4 za petroli. Si nyingi, lakini leo hatupati hata hizo.

Ugumu uko kwenye moto. Kupandisha lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi zichemke kunataka megajuli kama 28. Mafiga matatu yanaingiza chunguni sehemu ndogo tu ya joto la kuni, tuseme asilimia 15. Maana yake tutachoma kuni za megajuli 190, kama kilo 12, na hapo hata tone la kwanza halijaanguka kwenye chupa. Tumetumia 190 kutafuta 126! Anayetonesha lotoko, pombe kali ya kienyeji, kwa mafiga hapati hasara hiyo kwa sababu anauza kinywaji kwa bei ya kinywaji. Anayeuza moto wa kupikia hawezi kula hasara hiyo, na msitu hauwezi kuilipa.

Naomba warsha hii isimame hapo kwa muda. Tukikubali kwamba mpango wetu utapimwa kwa kilo za kuni, mengine yatajipanga. Tutajenga tanuru la udongo lililofungwa, lenye bomba la moshi. Maji machachu yanayosubiri zamu yatazungushwa kwenye kipoza mvuke, yaingie chunguni yakiwa tayari yana joto. Juu ya chungu tutaweka mnara uliojazwa vipande vya shaba au kokoto safi, mvuke uwe unapanda na kurudi, ili tusichemshe mara mbili au tatu. Na tutakachochoma ni maganda makavu ya kakao. Yanabaki kwa marundo shambani, na yakiachwa pale mabichi yanatunza ugonjwa wa kuoza matunda kwa msimu ujao. Majivu yake yana potasi, yarudi kwenye migomba.

Kuna sababu nyingine ya kutafuta moto karibu na nyumba. Watu wetu wameuawa mashambani na njiani kwa mashambulizi ya waasi wa ADF. Mama anayeweza kupika bila kwenda mbali kutafuta kuni, amepunguziwa hatari ambayo hakuna hesabu ya megajuli inayoweza kuipima.

Vijana wameniuliza kuhusu pikipiki. Wanajua petroli yetu inapita mpakani Kasindi ikitoka mbali, na bei yake tunaisikia wote. Ni kweli Brazil ilianzisha mpango wake mkubwa wa ethanoli ya miwa mwaka 1975, na Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya kiwanda cha Dwangwa kwenye petroli tangu 1982. Kenya nayo ilichanganya miaka ya 1980, kwa ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni, kisha ikaacha. Lakini wote hao walikuwa na kiwanda cha sukari pembeni, chenye molasi nyingi na mabaki ya miwa ya kuchoma. Zaidi ya hayo, kuchemsha peke yake hakuvuki asilimia 96 hivi. Maji yaliyobaki yanahitaji mtambo mwingine kuyatoa, na ethanoli yenye maji ikikutana na petroli hujitenga. Jiko la spiriti halidai hayo. Linawaka vizuri kwa asilimia 90. Tuanze na jiko.

Kuhusu muhogo, mimi nasema usiguswe. Hamira haiwezi kula wanga mpaka ugeuzwe sukari, kwa mfano kwa mahindi yaliyooteshwa, na zaidi ya yote muhogo ni chakula cha watoto wetu.

Jambo la mwisho lina uzito kuliko yote. Ute wa kakao una pektini, na pektini ikivunjika hutoa methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Haitoki katika matone ya kwanza peke yake, kwa hiyo kuyamwaga hakutoshi. Spiriti hii isinywewe, wala isitumike kusafisha mikono hata kama tunakumbuka mahitaji ya 2018, Ebola ilipotangazwa hapa kwetu. Dawa ya mikono inataka ethanoli iliyopimwa maabara. Kila bidoni itiwe rangi na kitu kichungu siku ileile. Mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri, na mvuke wake unashika moto kwa joto la kawaida la chumba, basi jiko lisijazwe likiwa linawaka.

Napendekeza tanuru moja tu msimu huu, lijengwe karibu na masanduku ya kakao na kisima, lisimamiwe na mama wa kasiksi wenyewe. Maji yakingwe ya siku ya kwanza tu, ili mbegu zisiharibikiwe ladha. Wanafunzi wa kilimo kutoka Butembo wawe na daftari, mizani na alkoometa: lita zilizoingia, lita zilizotoka, kilo za maganda zilizochomwa. Safu hiyo ya tatu ndiyo tutakayoifungua kwanza tutakapokutana tena.