JIBU LA DARASA ZIMA SI USHAHIDI WA KUELEWA

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya walimu waliokutana Pugu, Dar es Salaam)



Mimi si mwalimu, ni Afisa Habari. Hata hivyo kazi zetu zinakaribiana, kwani zote mbili hupimwa kwa kile anachobaki nacho msikilizaji.

Jambo nililokuja nalo ni dogo na mnalijua. Mwalimu anamaliza kueleza, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Chaki inawekwa, kengele inalia. Itikio lile ni adabu, nami siidharau adabu. Ila haliwezi kumwambia mwalimu nani ameelewa na nani ameachwa nyuma. Mtoto asiyejua ndiye mara nyingi huitikia kwa sauti kubwa zaidi, asije akajulikana.

Khatari hii huzidi katika Kidato cha Kwanza. Huku Bara, mtoto wa skuli ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Anaweza kunakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri na asiweze kueleza hata sentensi moja ya alichokinakili. Mwalimu akiridhika na itikio, mtoto huyo atagunduliwa siku ya mtihani wa taifa, ambapo hakuna tena la kumsaidia.

Wale tuliopitia chuoni tunajua utaratibu mwengine. Watoto husoma pamoja kwa sauti, ni kweli, na apitaye njiani husikia mvumo tu. Lakini hakuna anayevushwa sura kwa mvumo ule. Kila mmoja humwendea mwalimu, akakaa mbele yake, akasikilizwa peke yake. Akikosea hurudishwa mahali alipokosea. Na kwa kuwa mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi, mkubwa aliyekwisha hitimu juzuu humsikiliza mdogo. Sisemi kila la chuoni liigwe, maana bakora ilikuwapo pia, na maana ya yale tuliyoyahifadhi wengi wetu tuliijua ukubwani. Nasema lile la kumsikiliza mtoto mmoja mmoja linafaa hata katika darasa la watoto themanini: wasikilizwe watano kipindi hiki, watano kijacho, na waliosalia wasikilizane wawili wawili.

Swali nalo linataka subira. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu wengi wakishauliza swali hungoja kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumgeukia mwengine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu hazinunuliwi kwa bajeti ya Wizara yoyote.

Sasa nije kwa mwalimu mwenyewe. Hapa Pugu, katika Skuli ya Mtakatifu Fransisko, ndipo Julius Nyerere aliposomesha Historia baada ya kurejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, mpaka alipojiuzulu mwezi Machi 1955 kwa ajili ya kazi za TANU. Kujiuzulu kule kumesimuliwa sana. Mimi napenda zaidi habari ya vitabu vyake. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Angeweza kuiacha hivyo, nani angemsahihisha? Aliirejea, akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1996, keshastaafu Urais, zikatoka tenzi zake za Enjili.

Nalitaja hili kwa sababu ya maandalio ya masomo. Yapo maandalio yanayobadilishwa tarehe tu kila mwaka, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Mwalimu na achukue andalio lake baada ya kipindi, aandike pembeni mistari miwili: wapi watoto walikwama, na swali gani liliwafungua. Mwakani ataanza kutoka hapo.

Visiwani tuna vituo vya walimu. Huku Bara kuna mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowakutanisha walimu skulini kwao. Yote ni mema, lakini mkutano wa posho na chai hautoshi kama hakuna aliyeingia darasani kwa mwenziwe. Aingie, akae nyuma, asimtazame mwalimu. Atazame madaftari ya watoto watatu tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Baadaye wakae wawili hao faraghani, na habari isipelekwe kwa Mkaguzi.

Ndugu Walimu Wakuu, ombi langu kwenu ni kipindi kimoja kwa wiki katika ratiba, kwa kila mwalimu, kwa kazi hiyo.