Visasili vya Kigiriki na Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Sehemu kubwa ya msamiati wa juu wa Kiingereza imebeba majina ya miungu, mashujaa na wakosaji wa Ugiriki ya kale. Mwandishi wa gazeti akitaka kusema kwamba kazi fulani ni nzito mno huandika "Herculean". Mwanasaikolojia hutaja "narcissism", na daktari huagiza "morphine", dawa iliyopewa jina la Morpheus, mungu wa ndoto. Mwanafunzi anayekariri maneno haya kutoka kwenye orodha huyasahau upesi, na hata asipoyasahau huyatumia pasipo mahali pake. Anayeyasoma pamoja na visa vilivyoyazaa hupata kitu ambacho kamusi ndogo haimpi, yaani mpaka wa maana. Neno la aina hii huchukua kipande kimoja tu cha kisa na kukiacha kingine chote. Ajuaye ni kipande kipi kilichochukuliwa hujua pia neno linafaa wapi na wapi halifai.

Jozi iliyo wazi kuliko zote ni "Herculean" na "Sisyphean". Kamusi nyingi za mfukoni huyaeleza maneno yote mawili kwa kutaja kazi ngumu, na hapo mwanafunzi hupotea. Hercules alipewa na mfalme Eurystheus kazi 12, moja ikiwa kusafisha mazizi ya Augeas. Masimulizi mengi husema mazizi hayo yalikuwa na ng'ombe 3,000 na hayakuwa yamefagiliwa kwa miaka 30. Hercules hakugusa koleo. Aliigeuza mito Alpheus na Peneus ipite mazizini, na samadi yote ikasombwa kwa siku moja. Sisyphus naye alikuwa mfalme wa Korintho, mjanja aliyethubutu kumfunga Mauti minyororo. Kuzimu aliadhibiwa kusukuma jiwe kubwa mlimani, na kila likikaribia kilele huporomoka, naye huanza upya. Kazi ya Hercules inatisha lakini ina mwisho; ya Sisyphus haina. Kupitisha reli katikati ya milima ni "Herculean". Kuzibua mtaro unaojazwa takataka upya na kila mvua ni "Sisyphean". Kisa cha mazizi kimezaa pia "Augean", kivumishi cha uchafu uliorundikana kwa miaka mingi, ambacho waandishi wa siasa hukipenda wanaposema juu ya ofisi zilizooza kwa rushwa.

Tantalus anastahili nafasi zaidi, kwa kuwa jina lake limesafiri mbali kuliko la mkosaji mwingine yeyote wa kuzimu. Alikuwa mfalme aliyekaribishwa mezani pa miungu. Masimulizi mengi husema alimchinja mwanawe Pelops na kuwaandalia miungu nyama yake ili kuwajaribu kama watatambua. Katika kitabu cha 11 cha Odyssey, utenzi wa Homer, shujaa Odysseus anamwona mzee huyo amesimama ziwani, maji yakimfika kidevuni. Akiinama kunywa, maji hunywea ardhini na tope kubaki miguuni pake. Juu ya kichwa chake yananing'inia mapea, makomamanga, matofaa, tini na zeituni. Akinyosha mkono, upepo huyarusha mawinguni.

Kitenzi "tantalize" kiliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Kilichochukuliwa hapo ni adhabu peke yake. Mauaji ya mtoto yameachwa kabisa, ndiyo maana neno linaweza kutumika hata kwa mambo ya kupendeza. Harufu ya pilau ya jirani inayomfikia mtu aliyefunga, saa mbili kabla ya magharibi, ni "tantalizing". Kitenzi "tempt" hakitoshi hapo, kwa kuwa kinachomshawishi mtu anaweza kukipata akitaka. Wala "tease" haitoshi, kwa kuwa hiyo humhitaji mtu anayetania. "Tantalize" inadai mambo mawili kwa pamoja: kitu kiwe karibu, na kisishikike.

Mwaka 1802 mkemia wa Sweden, Anders Gustaf Ekeberg, alitambua elementi mpya iliyokuwa na tabia ya ajabu: oksidi yake, hata ikizamishwa katika asidi nyingi, haikunywa chochote, kama Tantalus ziwani. Akaiita "tantalum". Mwaka 1844 Heinrich Rose wa Ujerumani alitambua elementi nyingine katika madini ya jamii hiyo hiyo, akaiita "niobium" kwa jina la Niobe, binti wa Tantalus. Elementi hizi mbili hupatikana pamoja katika mawe meusi yanayochimbwa Rubaya na kwingineko Kivu, mashariki mwa Kongo, yanayojulikana kama koltani. Sehemu ya mwisho ya jina hilo inatokana na tantalum, metali inayotumika kutengeneza kapasita ndogo za simu na kompyuta. Mchimbaji anayelitamka jina hilo kwa Kiswahili chake cha kila siku anamtaja mfalme yule yule wa kuzimu.

Maneno mengine ya asili hiyo yako ndani ya Kiswahili pasipo kuhojiwa. Muziki umetokana na Muses, mabinti tisa wa Zeus waliosimamia sanaa. Kijana wa Dar es Salaam anayemwambia mwenzake "usipaniki" anamtaja Pan, mungu mwenye miguu ya mbuzi aliyesadikiwa kuwatia watu woga wa ghafla porini. Hata gesi ya kupikia ina nasaba hiyo: neno lilibuniwa katika karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa Brussels, kutokana na Chaos, ombwe lililokuwapo kabla ya miungu.

Hata hivyo kisa hakitoshi chenyewe, maana maneno machache tu yalitoka kwa Homer moja kwa moja. Mengi yalipitia Kilatini, hasa Metamorphoses ya mshairi Ovid, ambayo Arthur Golding aliikamilisha kwa Kiingereza mwaka 1567 na Shakespeare akaisoma. Mengine yalipitia Kifaransa, na njiani yakabadilika. Katika Odyssey, Mentor ni mzee aliyeachiwa nyumba ya Odysseus na ambaye kwa kweli hakufanya mengi. Anayemwongoza Telemachus, mwana wa Odysseus, ni mungu wa kike Athena, aliyejivika umbo la Mentor. Maana ya leo ya "mentor", mlezi wa kitaaluma, imetiwa nguvu zaidi na riwaya ya Fénelon, askofu wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 1699. Pandora naye, kwa mshairi Hesiod, alifunua mtungi mkubwa wa maovu. Erasmus, akiandika kwa Kilatini katika karne ya 16, aliugeuza kuwa kisanduku. Mjuzi atakayeandika "Pandora's jar" atakuwa sahihi na hataeleweka.

Kuna pia neno ambalo si la Kigiriki lakini kisa chake ni cha Kigiriki. "Clue" lilikuwa "clew", neno la kale la Kiingereza lenye maana ya donge la uzi. Ariadne alimpa Theseus donge kama hilo aweze kutoka katika jumba la njia za mzingo alimokaa zimwi Minotaur, na kwa sababu ya kisa hicho uzi ukawa dalili inayofuatwa na mpelelezi. Kinyume chake, "lethal" linafanana na Lethe, mto wa kusahau, lakini halikutoka huko. Limetokana na neno la Kilatini la kifo, na herufi "h" ilipachikwa na watu waliodhani, kama wanavyodhani wanafunzi wengi leo, kwamba mto ndio asili.

Tatizo linalowasumbua wasomaji zaidi ni majina mawili kwa mungu mmoja. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana nalo bila kujua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, huyu wa pili kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inawaita Jupiter na Mercurius, majina ya Kirumi. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta asili ya "jovial", "mercurial", "martial" na "cereal" katika orodha ya miungu ya Kigiriki hataiona. Inampasa kwanza kujua kwamba Jove ni Zeus, Mercury ni Hermes, Mars ni Ares na Ceres ni Demeter.

Kuhusu matamshi, anayezungumza Kiswahili ana faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba irabu ya mwisho katika Penelope, Calliope na Nike hutamkwa, jambo ambalo hata baadhi ya Waingereza hulikosea. Hasara ni "ch", ambayo katika "chaos", "chimera" na "echo" husomwa kama "k". Katika maandishi, herufi kubwa ni kipimo kizuri: "panic", "echo" na "tantalize" huandikwa kwa herufi ndogo, kwani mwenye jina amekwisha kusahaulika, ilhali "Sisyphean" na "Augean" kwa kawaida hubaki na herufi kubwa.

Vitabu vya kuanzia havikosekani. The Age of Fable cha Thomas Bulfinch kilitoka mwaka 1855 kwa nia ya kumsaidia msomaji wa kawaida kuelewa fasihi ya Kiingereza, na Mythology cha Edith Hamilton, cha mwaka 1942, kinasomeka kwa wepesi zaidi. Kinacholenga msamiati hasa ni Words from the Myths cha Isaac Asimov, cha mwaka 1961, kinachofuata visa tangu Chaos na kuonyesha maneno, sayari na elementi zilizotokana navyo. Kimepangwa kwa visa, si kwa alfabeti, na huo ndio mpango unaofaa kwa daftari la mwanafunzi pia: ukurasa wa Tantalus, ukurasa wa Hercules, na chini ya kila kisa maneno yake. Asimov haonyeshi sana jinsi neno linavyokaa katika sentensi za leo. Kwa hilo inahitajika kamusi kubwa yenye mifano ya matumizi, isomwe baada ya kisa, na sentensi mbili tatu zinakiliwe kwenye ukurasa ule ule.