Mbu wa Kwenye Pipa

Mwezi Mei mwaka 2016, vituo vya afya mjini Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, vilifurika watu walioshikwa na homa na maumivu makali ya viungo. Wahudumu wa afya wengi nao waliugua, wakalala kitandani wakati ambapo mji uliwahitaji zaidi. Maradhi yenyewe yalikuwa chikungunya, na kufikia mwisho wa Juni wagonjwa 1,792 walikuwa wamesajiliwa. Miaka mitano kabla ya hapo, mji huohuo ulikuwa umekumbwa na homa ya dengue iliyowapata maelfu ya watu.

Mwenezaji wa maradhi hayo mawili ni mmoja: mbu aitwaye Aedes aegypti. Huyu hana haja ya kinamasi. Makao yake ni pipa, mtungi, tangi lisilo na kifuniko, au tairi kuukuu lililotupwa nyuma ya gereji. Huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja kujazwa maji tena. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe ndani.

Wengi huamini kwamba nchi kame haina mbu. Ukweli ni kwamba katika miji ya Kaskazini Mashariki, ukame wenyewe humfuga mbu. Mahali ambapo bomba hukauka mara kwa mara, kila boma huweka akiba ya maji yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda, na akiba hiyo ndiyo inayozaa viluwiluwi. Mama anayejaza mapipa yake hana kosa. Anafanya analolazimika kufanya kwa sababu mji haujamfikishia maji ya uhakika.

Mvua nazo huja na balaa lake. Desemba 2006, baada ya mafuriko, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa pia na mbu, ilizuka Garissa, ikaenea sehemu nyingine za nchi na kuua zaidi ya watu 150. Uchinjaji ulipigwa marufuku na masoko ya mifugo yakafungwa, katika mkoa ambao ng'ombe, mbuzi na ngamia ndio karo, mahari na chakula. Haikuwa mara ya kwanza: ugonjwa huo ulikuwa umeua mamia ya watu baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Sheria ipo tangu zamani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa maafisa wa afya mamlaka ya kuchukua hatua dhidi ya maji na taka zinazozalisha wadudu waenezao maradhi. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za afya na uzoaji taka, na tangu 2013 kazi iliyokuwa ya mabaraza ya miji iko mikononi mwa magavana na mabunge ya kaunti. Lakini mara nyingi mashine za kunyunyizia dawa huonekana mitaani baada ya wodi kujaa. Dawa hiyo huua mbu wanaoruka. Mayai yaliyo ndani ya mapipa hubaki salama.

Hatari mpya pia imebisha hodi. Desemba 2022, mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Marsabit, kaunti inayopakana na Wajir. Naye hustawi mijini, kwenye matangi ya maji.

Kwa hiyo bajeti ya kupambana na mbu ipitishwe na itumike kabla ya mvua za Machi na za Oktoba: kununua vifuniko vya matangi, kuzoa matairi na taka, na kuwalipa wahamasishaji wa afya ya jamii wakague maboma kila wiki. Mbu huhitaji takriban wiki moja kukua kutoka yai hadi kuruka, hivyo kila familia itenge siku moja, labda Alhamisi kabla ya Ijumaa, isugue mapipa na kuyafunika. Na wananchi wa Garissa, Wajir na Mandera wamuulize mwakilishi wadi wao: msimu huu, fedha za mbu ziko wapi?