Mashine Haichapi Bila Malighafi



Siku hizi husemwa mengi juu ya mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, yaani vitu vyenye urefu, upana na kimo. Husemwa kwamba mashine hizo huchapa kikombe, huchapa mguu wa bandia, na hata kuta za nyumba. Yote hayo ni kweli. Lakini sifa zote hupewa mashine, na ni wachache wanaouliza swali lililo la msingi zaidi: inachapa kwa kitu gani? Mazungumzo haya yanahusu swali hilo, kwa sababu taifa litakalokuwa na mashine bila kuwa na malighafi yake litabaki kuwa mnunuzi tu.

Kwanza hapana budi kueleza namna kazi hii ifanywavyo. Seremala hulichonga gogo akalipunguza mpaka apate kiti. Fundi wa kusubu chuma humimina katika kalibu. Mashine hii haichongi wala haimimini, bali huongeza. Kompyuta hukigawa kitu, kwa hesabu, katika tabaka nyembamba, kisha mashine huweka tabaka moja juu ya jingine mpaka kitu kikamilike, kama mfinyanzi ajengaye mtungi kwa pindi za udongo. Na kila mfinyanzi anajua kwamba si kila udongo unafaa. Wenye mchanga mwingi hupasuka, na wenye maji mengi huporomoka. Ndivyo ilivyo kwa mashine hii pia.

Historia yake inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1984 Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza ya chombo kilichotumia utomvu ambao hugeuka kuwa mgumu ukipigwa na mwanga wa urujuanimno. Katika miaka hiyo hiyo ya themanini, Carl Deckard wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, alibuni njia ya kuunganisha unga kwa joto la leza. Mwaka 1989 Scott Crump naye aliomba hataza ya mashine itoayo plastiki iliyoyeyushwa kupitia mdomo mwembamba. Utomvu, unga na uzi: kila njia ilizaliwa pamoja na malighafi yake.

Mashine zenyewe hazina siri tena. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mpango wa RepRap, wa mashine iwezayo kuchapa sehemu nyingi za mashine mwenzake. Hataza ya Crump ilipomaliza muda wake mwaka 2009, bei ilishuka na mashine ndogo za mezani zikaenea. Mwaka 2013, mjini Lomé, Togo, kijana Kodjo Afate Gnikou aliunda mashine ya namna hiyo kwa mabaki ya kompyuta na vyombo vingine vya umeme vilivyotupwa. Basi, ikiwa mashine yaweza kuundwa kutoka jalalani, shida imebaki wapi? Imebaki katika kile kinacholishwa mashine.

Mathalani, uzi wa plastiki utumiwao na mashine nyingi za mezani una unene wa milimita 1.75, na unene huo lazima uwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukinenepa mahali pamoja, mdomo wa mashine huziba. Uzi unaotumiwa sana ni wa plastiki iitwayo PLA, ambayo hutokana na sukari ya mimea kama mahindi, miwa au mihogo, ikachachushwa na kugeuzwa asidi. Huchapika vizuri kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, lakini huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kifaa cha PLA kikiachwa ndani ya gari juani chaweza kupinda. Nailoni ni imara zaidi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na katika miji ya pwani unyevu si haba. Maji hayo huchemka mdomoni mwa mashine, na kitu kikatoka na matundu. Ni dhahiri kwamba uzi uliobuniwa kwa chumba chenye kiyoyozi ughaibuni si lazima ufae Tanga au Mombasa.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanatafuta malighafi mpya, na utafiti huo unagusa mambo yaliyo karibu sana na Afrika. Wapo wanaochanganya plastiki na nyuzi za kaboni ili iwe imara. Wapo pia wanaojaribu nyuzi za mimea, mkonge ukiwa mmojawapo. Wengine husaga chupa za plastiki zilizotumika, wakazikausha, wakaziyeyusha na kuvuta uzi mpya. Kazi hiyo si rahisi. Chupa huja zimechanganyika na uchafu, na plastiki hudhoofika kila inapoyeyushwa upya. Hata hivyo ugumu huo ni wa ufundi, na ufundi hufundishika.

Upande wa metali, mabadiliko ni makubwa zaidi. Injini za ndege aina ya LEAP, zilizoanza kuruka na abiria mwaka 2016, zina midomo ya kupulizia mafuta iliyochapwa kwa unga wa kobalti na kromiamu. Kilichokuwa vipande 20 vya kuunganishwa kimekuwa kipande kimoja, chepesi kwa asilimia 25. Mwaka 2017 wataalamu wa maabara ya HRL, Marekani, walionyesha kwamba aina ya alumini iliyokuwa ikipasuka kila ilipochapwa haipasuki tena ikichanganywa na chembe ndogo sana zenye zirkoni. Mashine haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni unga.

Na unga huo unatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini sehemu kubwa yake husafishwa China. Huko Kwale, nchini Kenya, mchanga wenye titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi hadi Desemba 2024, ukapakiwa melini pwani hiyo hiyo na kwenda zake. Wilayani Ngara, Tanzania, hazina ya Kabanga ina nikeli, shaba na kobalti. Katika safari ya kutoka shimoni hadi kuwa unga safi wa duara, wenye chembe nyembamba kama vumbi, ndipo thamani inapoongezeka. Anayeuza udongo akanunua unga hulipa ujira wa kila mkono uliopita katikati.

Malighafi ya ujenzi nayo ina funzo lake. Mwaka 2021 shule ilifunguliwa wilayani Salima, Malawi, ambayo kuta zake zilichapwa kwa saa 18. Zege la kazi hiyo si la kawaida. Lazima lipite bombani kama uji, kisha lisimame lenyewe bila mbao za kulishikilia. Lakini saruji ni ghali, na utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 7 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Mwaka huo huo, huko Massa Lombarda, Italia, ilikamilika nyumba iitwayo TECLA, iliyochapwa kwa udongo wa mahali pale pale uliochanganywa na makapi ya mpunga. Udongo na makapi, ambavyo kijijini huhesabiwa kuwa alama ya umaskini, ughaibuni vimeitwa nyumba ya kesho. Tofauti ni kwamba kule udongo ulipimwa, ukachunguzwa na kuandikiwa vipimo.

Hivyo basi, wajibu wa kila mmoja uko wazi. Afisa anayeidhinisha ununuzi wa mashine kwa chuo au hospitali asiulize bei ya mashine peke yake. Aulize pia uzi au unga utatoka wapi, utagharimu kiasi gani kwa mwaka, na kama mashine hiyo inakubali malighafi ya mtengenezaji yeyote, maana zipo zilizofungwa zisikubali ila ya kiwanda kilichoziuza. Mwalimu wa kemia anayefundisha uchachushaji awaonyeshe wanafunzi kwamba muhogo waweza kuwa plastiki. Mwalimu wa ufundi awape chupa iliyotupwa, kipimo cha milimita na tanuri, wajaribu, wakosee, wajaribu tena.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mashine itakayosimama kona ya karakana ikisubiri uzi kutoka ng'ambo haitakuwa imemfundisha mwanafunzi kitu, ila kusubiri.