"Ile Kitu" kwa Kiingereza: Vionyeshi na Wanafunzi wa Kinsevere

Walimu wenzangu, nanyi baba na mama mliotoka zamu mkaja hapa moja kwa moja,

Mada niliyopewa ni matumizi sahihi ya viwakilishi vionyeshi katika Kiingereza. Maneno yenyewe ni manne tu: "this", "that", "these", "those". Mawili ya umoja, mawili ya wingi. Mawili ya karibu, mawili ya mbali. Kwingineko mwalimu angemaliza hapo. Hapa Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, mwanafunzi huja darasani akiwa na lugha mbili tayari kichwani: Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule na ofisi za serikali. Kiingereza anakikuta katika mgodi wa hapa, ulioanzishwa na Anvil Mining na kununuliwa na MMG mwaka 2012, tena anakikuta kwenye njia ya mpaka wa Kasumbalesa kwa madereva wa Zambia. Makosa yake katika maneno haya manne yana mantiki, na asiyeijua mantiki hiyo atasahihisha madaftari mpaka astaafu.

Tuanze na umbali. Kiswahili kina hatua tatu: hii iliyo kwangu, hiyo iliyo kwako au tuliyokwisha kuitaja, na ile iliyo mbali nasi sote. Kiingereza kina mbili. Ile ya katikati imekwenda wapi? Mara nyingi imeingia upande wa mbali. Fundi akimwambia mwenzake, "Nipe hiyo spana uliyoshika," Mwingereza angesema "Give me that", hata kama wawili hao wamegusana mabega. Mwanafunzi wetu husema "Give me this", kwa sababu anaiona spana iko hapo hapo. Kifaransa nacho hakimsaidii: "cette clé" haisemi karibu wala mbali mpaka uongeze "-ci" au "-là". Basi fundisheni kwa mkono, si kwa mita. Kilicho mkononi mwangu ni "this". Kilicho mkononi mwako ni "that". Ubishi mwingi unaishia hapo.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina jambo lake jingine. Sisi tunasema "ile kitu", "ile siku", kionyeshi kikitangulia jina, na mara nyingi "ile" hiyo haionyeshi chochote. Inasema tu kwamba kitu chenyewe tunakijua. Faida yake ni kwamba mwanafunzi wa hapa hakosei mpangilio: "ile kitu" na "that thing" vinafuatana sawasawa, wakati mwenzake aliyezoea "kitu kile" anaweza kujikwaa. Hasara yake ni kwamba anajaza "that" kila mahali ambapo Kiingereza kinataka "the" tu. "That chief of that shift closed that gate": Mwingereza akisikia hivyo atadhani jamaa ana hasira na mkubwa wake.

Penye shida kubwa ni hesabu, na hapo nitakaa kidogo. Tunasema maji haya, mafuta haya, habari hizi, vifaa hivi. Kifaransa kinaunga mkono baadhi: "ces informations", "ces équipements". Lugha mbili zikikubaliana, ya tatu itashindana nazo vipi? Ndiyo maana ripoti za mgodini zimejaa "these informations", "these equipments", na darasani tunasikia "these water". Kiingereza hakihesabu vitu hivyo, ni "this information", "this equipment", "this water", na kitenzi nacho hufuata umoja: "This equipment is new." Ukitaka wingi, hesabu vipande: "these two pieces of equipment". Hata "news", pamoja na "s" yake ya udanganyifu, ni "this news is good".

Matamshi nayo yanachangia. "This" ina irabu fupi, "these" ina irabu ndefu na inaishia kwa sauti ya z. Sisi hatutenganishi maana kwa irabu fupi na ndefu namna hiyo, na sauti ya mwanzo wengi wetu tunaitoa kama z, kama tunavyosema "zahabu" badala ya "dhahabu". Zote mbili zinatoka "zis". Sikio likishindwa, jina linalofuata liokoe: "these pumps", na ile "s" ya "pumps" isikike.

Kuhusu watu, neno moja. Sisi husema "huyu alikuja" bila kumvunjia mtu heshima. Kiingereza huruhusu "this" kusimama peke yake kwa mtu anapotambulishwa: "This is our engineer." Baada ya hapo ni "he" au "she". "That came late" inamgeuza mtu kuwa mzigo. "Those who" ni salama kabisa: "Those who work at night".

Kifaransa kinatufaa mahali pamoja. Aliyezoea "celle de" na "celles de" atashika upesi "that of" na "those of": "The price of this pump is higher than that of the old one." Wingi: "The prices of these pumps are higher than those of the old ones." Msiache msaada huo upotee.

Mwisho ni ripoti na redio. Mtu anaandika: "The pump stopped and the belt was torn. This caused a delay." Kipi kilichelewesha kazi, pampu kusimama au mkanda kuchanika? Mwandikisheni jina baada ya kionyeshi: "This stoppage caused a delay." Kwenye redio shida ni kubwa zaidi, maana msikilizaji haoni kidole chako. "Close that valve" kwa mtu aliye upande wa pili wa kiwanda ni hatari; atafunga anayoiona yeye. Taja namba ya vali. Darasani nawakalisha wanafunzi wawili wakipeana mgongo, mmoja akimwelekeza mwenzake kupanga vifaa mezani. Kila akisema "this" au "that" peke yake, mwenzake anasimamisha kazi na kuuliza, "This what?"