Jua na Jenereta kwa Betri Moja
Wasikilizaji watukufu, hususan ninyi wa visiwani ambako waya wa umeme haujawasili, jueni ya kwamba wakati wa masika, mawingu yalizibapo jua siku mfululizo, betri za risasi na asidi huharibika upesi zikiachwa chini ya nusu ya chaji yake. Basi jenereta na iwashwe alfajiri, wala si jioni, maana betri iliyopungukiwa hupokea mkondo mkubwa na mafuta hayapotei bure. Betri ikifika kadiri ya asilimia 80, jenereta izimwe, kwani sehemu iliyosalia hujaa taratibu kwa saa nyingi, kazi ambayo jua, lisilodai malipo, huitimiza hadi alasiri mawingu yapunguapo. Tena, nawasihi, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba abadani: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua waliolala.